Alfred Büchi, baba wa turbo, na swali la supape inayopiga mluzi

Kwenye mlima wa Kabasha, kabla ya kufika Kanyabayonga, lori zenye mizigo zinapanda polepole sana. Mtu aliyezoea kukaa kando ya barabara anaweza kujua kwa sikio tu ni lori gani ina turbo na gani haina. Yenye turbo inatoa mluzi mwembamba chini ya mngurumo wa motere, na inaendelea kupanda. Isiyo nayo inatoa moshi mweusi, na msaidizi wa shofere anatembea nyuma yake na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu.

Wazo la ile turbo liliandikwa kwenye karatasi mwaka wa 1905 na kijana wa miaka 26 kutoka Uswisi, Alfred Büchi. Leo katika garaji za miji yetu kuna vijana wenye gari za turbo wanaotaka kuongeza kitu kingine juu yake: supape ya kutoa upepo, ile inayotema sauti ya pshiii kila mara shofere anapobadilisha vitese. Wengine wanasema inalinda turbo. Wengine wanasema inaharibu motere na kumaliza pesa bure. Kusudi mtu ajue nani ana haki, ni vizuri kwanza ajue turbo ilizaliwa namna gani, juu yule aliyeizaa hakuwahi kuhitaji supape ya namna hiyo, na iko sababu.

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 katika Winterthur, mji wa viwanda ulio karibu na Zürich. Baba yake, Johann Büchi, alikuwa mmoja wa viongozi wa Sulzer, kampuni kubwa ya mji ule iliyotengeneza mitambo ya mvuke. Mwaka uleule mtoto alipozaliwa, kijana mmoja Mjerumani alikuwa anajifunza kazi katika karakana za Sulzer huku akingoja mtihani wake wa mwisho wa shule. Jina lake lilikuwa Rudolf Diesel. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka wa 1898, Sulzer iliwasha motere yake ya kwanza ya diesel. Alfred alikuwa karibu kumaliza ujana wake, na nyumbani kwao habari za motere hazikuwa habari za mbali.

Mwaka wa 1899 aliingia shule kuu ya ufundi ya Zürich kusomea mashine, akatoka na diploma mwaka wa 1903. Kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Njo kule alianza kusumbuliwa na jambo moja: joto linalopotea.

Jambo lenyewe ni hili. Ukimimina mafuta katika motere, si yote yanayogeuka nguvu ya kusukuma gurudumu. Tukihesabu kwa jumla, theluthi moja inafanya kazi, theluthi nyingine inakwenda na maji ya kupoza, na theluthi ya tatu inatoka na moshi kwa bomba la nyuma. Mwenye gari analipa mazutu lita tatu, moja inapeleka gari, mbili zinapasha joto hewa ya barabarani. Büchi aliuangalia ule moshi. Ni wa moto sana, na unatoka kwa nguvu. Akajiuliza kama hauwezi kupewa kazi kabla haujatoka.

Mama yeyote aliyewasha mbabula anaelewa jibu lake. Makala yakiwa mengi na upepo mdogo, moto unakufa na moshi unajaa. Anachukua kifuniko cha sufuria, anapepea, moto unawaka. Motere ni vilevile: kuongeza mazutu peke yake hakusaidii kitu kama upepo hautoshi kuyachoma. Büchi alitaka moshi wenyewe ufanye kazi ya kupepea. Aliweka gurudumu lenye mabawa katika njia ya moshi. Moshi ukilizungusha, nalo linazungusha gurudumu lingine linalovuta hewa safi na kuisukuma ndani ya motere. Hewa nyingi, mafuta yanaungua vizuri, nguvu inapanda, na motere inabaki na ukubwa uleule.

Tarehe 16 Novemba 1905 aliandikisha wazo lake katika ofisi ya breve ya Ujerumani, mahali panapotolewa karatasi ya kusema kwamba uvumbuzi huu ni wa fulani. Breve ile ilipata namba 204630. Ilieleza vitu vitatu vinavyofuatana: mashine ya kusukuma hewa, motere ya pistoni, na turbini ya moshi. Kwa karatasi, kazi ilikuwa imekwisha. Kwa chuma, ilikuwa haijaanza.

Miaka iliyofuata ni sehemu ambayo vitabu vya mashine vinaipita haraka, na hapo njo tunaona mtu mwenyewe. Büchi alirudi Uswisi mwaka wa 1908, na kuanzia 1909 akaongoza kikundi kidogo cha utafiti wa motere za diesel ndani ya Sulzer, kampuni ya baba yake. Mwaka wa 1911 akaanza majaribio ya turbo. Mwaka wa 1915 motere ya kwanza ya mfano ikawa tayari, nayo haikufanya kazi vizuri. Shinikizo la hewa halikudumu. Vyuma vya wakati ule vilichoka haraka mbele ya moto wa moshi, na magurudumu ya mabawa yalikuwa bado yanapoteza nguvu nyingi. Tena kulikuwa na tatizo gumu kuliko hayo. Gurudumu lililowekwa katika njia ya moshi ni kizuizi. Moshi ukikwama mbele yake, unarudisha nguvu juu ya pistoni na kuizuia hewa safi isiingie. Kitu kilichowekwa kusaidia motere ipumue kinaweza kuifunga pumzi.

Kutoka breve ya 1905 mpaka kufaulu kwake kwa kweli ilipita miaka ishirini. Mwana wa mkubwa anayefanya kazi katika kampuni ya baba yake anaweza kufichwa aibu kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa miaka ishirini hakuna anayeweza kumfichia.

Na wakati yeye anahangaika na diesel, wengine walikuwa wanapita mbele kwa njia nyingine. Vita ya kwanza ya dunia ilileta ndege, na ndege zina shida moja: juu sana hewa ni nyepesi. Mfaransa Auguste Rateau alitengeneza turbo kwa ajili ya motere za ndege. Huko Marekani, mwaka wa 1918, injinia Sanford Moss alipandisha motere ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, karibu mita 4300 juu ya bahari. Ile motere, ambayo chini ilikuwa na nguvu ya farasi 350, ilibaki na 230 tu pale mlimani. Alipofunga turbo, ikapanda mpaka 356.

Habari hii inatuhusu sisi kuliko watu wa pwani. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Kwa mita 1500 shinikizo la hewa limepungua karibu sehemu moja ya sita. Motere isiyo na turbo, iliyopimwa nguvu zake bandarini, inapofika hapa haina tena nguvu zile zilizoandikwa kwenye karatasi zake. Njo maana ule moshi mweusi wa Kabasha: mazutu yanaingia kama kawaida, hewa haitoshi.

Mlango ulimfungukia Büchi kwa upande wa bahari. Mwaka wa 1923 wizara ya usafiri ya Ujerumani iliagiza meli mbili za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, za kusafiri katika bahari ya Baltiki. Motere zao za diesel zilikuwa na silinda kumi kila moja, na zilifungwa turbo zilizotengenezwa chini ya uangalizi wa Büchi. Nguvu ya kila motere ilitoka farasi 1750 ikafika 2500. Ni zaidi ya asilimia 40, katika chuma kilekile na nafasi ileile ya meli. Meli zenyewe ziliingia majini mwaka wa 1926.

Siri yake aliiandikisha katika breve mpya mwaka wa 1925, safari hii kwa jina lake peke yake. Kwanza aligawanya mabomba ya moshi, kusudi pigo la moshi la silinda moja lisije likagonga silinda nyingine iliyo katikati ya kupumua. Pili, aliacha supape ya kuingiza na supape ya kutoa zibaki wazi pamoja kwa muda mfupi sana. Katika ule muda mfupi hewa safi inapita ndani ya silinda, inausukuma nje moshi uliobaki, na inapoza supape na kichwa cha pistoni. Kile kizuizi cha 1915 kilikuwa kimepata dawa.

Sasa turudi kwa ile supape ya vijana.

Motere za Büchi zilikuwa za diesel, tena za meli. Zilizunguka kwa mwendo mmoja saa nyingi. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Katika motere ya diesel ya kawaida, shofere anapoinua mguu, anapunguza mazutu. Njia ya hewa inabaki wazi. Turbo inaendelea kusukuma kidogo, hewa inapita, hakuna mlango unaofungwa usoni pake.

Motere ya esansi ni kitu kingine. Ndani ya njia yake ya hewa kuna kipepeo, bamba dogo la duara linalofunguka mguu unapokanyaga na kujifunga mguu unapoinuka. Gari ikiwa katika kasi, turbo yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika moja. Shofere anainua mguu abadilishe vitese, kipepeo kinafunga ghafula, na hewa yote iliyokuwa inakimbia inagonga mlango. Haina pa kwenda, inarudi nyuma mpaka kwa mabawa ya turbo, inayapiga kwa upande usiofaa. Sauti ya kutetemeka kama mbawa za njiwa inayosikika kwa gari zingine ni hiyo. Gurudumu linapoteza mwendo, na vyuma vidogo vinavyoshika mhimili wake vinapata mapigo ambayo havikutengenezewa. Turbo yenye shinikizo dogo inaweza kuvumilia hali hiyo miaka mingi. Yenye shinikizo kubwa inachoka mapema.

Supape ya kutoa upepo iliwekwa kwa ajili ya dakika ile. Kipepeo kikifunga, inafunguka na kuiachia hewa. Faida zake ni za kweli: turbo haipigwi, na gurudumu linabaki na mwendo, hivyo gari inavuta haraka zaidi shofere akikanyaga tena. Lakini kitu ambacho wauzaji hawapendi kukisema ni kwamba gari nyingi za esansi zenye turbo zinatoka kiwandani zikiwa nayo tayari. Iko kimya tu, juu hewa inayoiachia inarudishwa ndani ya bomba kabla ya turbo, haitupwi nje.

Kijana anayeing'oa hiyo na kuweka ile ya kutema nje, ananunua sauti. Na gharama yake si dola za kifaa peke yake. Gari nyingi zina debimetre, kifaa kinachopima hewa inapoingia, na kompyuta ya gari inatia esansi kufuatana na kipimo kile. Hewa ikishapimwa kisha ikatemwa nje, kompyuta haina habari. Inatia esansi ya hewa ambayo haipo tena. Motere inakohoa, inatoa moshi mweusi kati ya vitese, buji zinashika masizi, na esansi ambayo tayari ni ghali inakwenda bure. Gari zinazopima shinikizo ndani ya motere badala ya kupima hewa inayoingia hazisumbuki hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mekanisie si bei ya supape. Ni kujua gari hii inapima hewa yake namna gani.

Kuna na jambo la vumbi. Supape ya nje yenye resori dhaifu inaweza kubaki wazi wakati gari imesimama motere ikiwa inawaka. Pale motere inavuta, nayo supape inakuwa tundu la kuvutia hewa isiyopita katika filtre. Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, ambako vumbi la kiangazi linakwaruza kama msasa, hiyo ni njia fupi ya kuua pistoni. Na ikivuja wakati shofere anakanyaga, nguvu aliyoilipia inatoka kwa tundu lilelile.

Kwa mwenye Land Cruiser au lori ya diesel, jibu ni fupi. Kwa sehemu kubwa ya diesel zinazotembea kwetu, hakuna kipepeo kinachofunga ghafula, kwa hiyo hakuna pigo la kuliondoa. Vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya diesel vinafunguliwa kwa umeme ili vilie tu. Diesel za sasa zina kipepeo pia, lakini kazi yake ni nyingine. Tusichanganye vilevile na ile supape ya upande wa moshi, inayopunguza moshi unaofika kwa turbini ili shinikizo lisipite kiasi. Hiyo ni ya lazima, na kuifunga au kuichezea kumeua motere nyingi. Mahali pekee ambapo kununua supape mpya ya hewa hakuna ubishi ni kwa gari ya esansi ambayo ile yake ya kiwandani imepasuka utando wa ndani. Hapo gari imepoteza nguvu, na kurudisha inayofanana nayo ni matengenezo ya kawaida.

Mafundi wengine watasema dereva mzuri anajua kuinua mguu polepole. Ni kweli pia.

Mwaka wa 1926, baada ya kufaulu, Büchi alitoka Sulzer. Alianzisha umoja uliobeba jina lake, Sindikati ya Büchi. Yeye alishika uinjinia na mazungumzo na wanunuzi, kampuni ya Brown Boveri ikatengeneza turbo, na kiwanda cha gari-moshi cha Winterthur kikatoa motere za diesel za kufanyia majaribio. Majaribio ya miaka ya 1927 na 1928 yalikwenda vizuri sana, na kampuni za nchi mbalimbali zikaja kununua ruhusa ya kutumia njia yake. Walikuwako pia waliojaribu kuzivunja breve zake, wakitaka kutumia bila kulipa. Wazo ambalo kwa miaka ishirini halikuwa na mnunuzi, sasa lilikuwa na watu wanaoona haya kulilipia.

Kutoka melini turbo iliingia katika mitambo ya umeme na katika gari-moshi za diesel. Mwaka wa 1938 kampuni ya Saurer, ya Uswisi vilevile, ilitoa motere ya lori yenye turbo. Ukoo wa zile lori za Kabasha unaanzia hapo. Gari ndogo zilibaki nyuma, juu turbo ndogo inayoweza kufuata mguu wa shofere unaokanyaga na kuinuka kila mara ni ngumu kuliko turbo kubwa ya meli inayozunguka sawasawa usiku kucha.

Alfred Büchi alifariki tarehe 27 Oktoba 1959 katika Winterthur, mji uleule alikozaliwa, akiwa na miaka 80. Gari za kwanza za esansi zenye turbo zilizouzwa kwa watu wote, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, zilitoka Marekani mwaka wa 1962. Ile sauti ya pshiii hakuisikia barabarani.